Gatina, kila tumbo lina vidonda

Simama robo saa kwenye kemisti yoyote ya Gatina, Kawangware, jijini Nairobi, saa moja jioni, watu wanapotoka kibaruani, na utasikia neno moja likitajwa kuliko jina la dawa yoyote. Vidonda. "Nipe ya vidonda." "Vidonda vimenishika tena." "Mama amesema umpe ile yake ya vidonda." Muuzaji hahitaji maelezo. Mkono wake unaijua rafu. Chupa inateremshwa, au vidonge vinne vinakatwa kutoka kwenye karatasi yake, pesa zinapokewa, anayefuata anasogea.

Wauzaji hao sina ugomvi nao. Ndio tunaowakimbilia kwanza, kwa sababu wako wazi hadi usiku, hawaulizi kitambulisho, na ukiwa na hamsini badala ya mia hawakufukuzi. Ugomvi wangu ni na neno. Huku kwetu, kutoka Gatina hadi mtaa wa Congo na stendi ya 46, na hata ukivuka kwenda Kibera, "vidonda vya tumbo" limekuwa jina la kila kinachouma kati ya koo na kitovu. Kwa huko chini tuna jina la pili, bawasili. Mtu akishapewa mojawapo ya majina hayo mawili, maswali yanakoma. Atameza dawa, atapata nafuu ya siku tatu, atarudi. Nimeona majirani wakizikwa na majina hayo.

Mmoja alikuwa fundi viatu, tuliishi ploti moja miaka sita. Ugonjwa wake ulianza kwenye ugali. Siku zote alikuwa mtu wa kumega matonge makubwa, anayabonyeza kwa kidole gumba, anachota sukuma, anameza huku akizungumza siasa. Kisha matonge yakaanza kupungua. Akawa anaongeza mchuzi. Tulipomuuliza alisema ni meno. Baada ya hapo akaacha ugali akahamia wali, akaacha wali akahamia viazi vya kuponda, akafika kwenye uji. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na katika kila hatua dawa ya vidonda ilikuwa mfukoni. Ilichukua miezi minne. Siku maji ya kunywa yalipomrudi puani ndipo kijana wake alipompeleka hospitali, wakaambiwa mashine ya kamera ni mbovu, warudi baada ya wiki tatu. Walipochangiwa na watu wa ploti wakaenda kulipia kwingine, daktari alisema jina la tatu. Ilikuwa saratani ya umio, ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hakufika Krismasi.

Umio ni mrija unaotanuka, na hilo ndilo baya lake. Uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kujua, kwa kuwa njia inajinyoosha chakula kikapita. Mtu anapoanza kuhisi tonge linakwama, sehemu kubwa ya njia imeshazibwa. Kwa hiyo nisimdanganye msomaji: kukwama kwa chakula si dalili ya mapema. Lakini ndiyo dalili ya kwanza ambayo mtu wa kawaida hupewa, na miezi minne ya kuibembeleza kwa dawa ya maji humtoa mgonjwa kwenye foleni ya wanaoweza kufanyiwa upasuaji, akaingia kwenye ile ya wanaosaidiwa tu wameze tena. Mwili nao unakuwa umeshakonda kiasi kwamba hauwezi kustahimili matibabu.

Saratani hii haikuanza Nairobi. Wataalamu wanaueleza ukanda mzima unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako inapatikana kwa wingi usio wa kawaida. Katika makadirio ya kimataifa ya mwaka 2018, ndiyo iliyoongoza kwa vifo vya saratani nchini Kenya, zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka mmoja, na idadi ya waliofariki ilikaribiana sana na ya waliogunduliwa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiwapokea wagonjwa hawa kwa miongo mingi, ikiwawekea mirija ya waya inayofungua njia ili angalau mtu anywe uji wake kwa heshima. Mwaka 2010 madaktari wake walichapisha habari za wagonjwa 109 wenye umri wa miaka 30 kurudi chini. Katika nchi nyingi, daktari anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa umio wa umri huo.

Sisi wa Gatina wengi wetu tumetoka huko, Kakamega, Vihiga, Kisii, Bomet, tukaja na sufuria zetu na chai yetu.

Chai hiyo inanikalisha macho. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kisha watafiti waliokuwa Eldoret, wakiwauliza wagonjwa na wasio wagonjwa jinsi wanavyokunywa chai, wakakuta kwamba wanaoinywa ikiwa moto sana wako katika hatari zaidi ya mara tatu kuliko wanaoinywa vuguvugu. Niliposoma hayo nilichukua kipimajoto cha jikoni nikaenda nacho kwenye kibanda ninachonywea chai asubuhi. Mama mwenye kibanda alishangaa kidogo, akaniruhusu. Chai yake ya maziwa huchemshwa kwenye sufuria kubwa, ikamiminwa kwenye chupa, na kutoka kwenye chupa ikaingia glasi. Ilipogusa glasi ilikuwa nyuzi 79. Vijana wa mjengo walioketi kando yangu walikuwa wameshafyonza funda la pili. Baada ya dakika tano ilikuwa 68. Ilishuka chini ya 65 kwenye dakika ya nane, nao walikuwa wameshalipa wameondoka.

Dakika nane kwa mtu ambaye msimamizi amempa kumi za mapumziko ni nyingi. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akitoka kwenye jukwaa la wikendi na kuwaambia watu wa Gatina "badilisheni mtindo wa maisha", kana kwamba maisha yetu ni nguo tuliyoichagua dukani. Hata hivyo chai inapoa haraka ukiihamisha mara mbili tatu kutoka glasi hadi glasi, na babu zetu waliimimina kwenye kisahani wakainywea humo. Nilimwomba mama mwenye kibanda aweke glasi ya pili kwa anayetaka. Ameziweka. Wazee wanazitumia, vijana bado.

Kuhusu pombe na sigara sitazunguka. Zote mbili zimethibitishwa kuwa zinasababisha saratani ya umio, na zikikutana kwa mtu mmoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Chang'aa haiwi nafuu kwa kuwa imepikwa na mtu tunayemfahamu, na bia ya chupa haiwi salama kwa kuwa imelipiwa ushuru. Meno yaliyooza na kinywa kisichosafishwa vimetajwa pia katika tafiti za Eldoret, jambo ambalo mswaki unaweza kulipunguza.

Sasa turudi kwenye vidonda vyenyewe, maana vipo kweli. Chanzo chake kikubwa ni bakteria iitwayo Helicobacter pylori, ambayo mtu huipata mara nyingi utotoni, mahali watu wanapolala wengi chumba kimoja na maji ni ya kununua kwa mtungi. Yaani mahali kama hapa. Barry Marshall na Robin Warren, Waaustralia wawili, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuigundua, na tangu mwaka 1994 inajulikana kuwa inasababisha saratani ya tumbo. Kwa hiyo hata mtu wetu anapokuwa na vidonda halali, ile chupa ya dawa ya maji haimtibu. Inazima moto na kumwacha mchomaji ndani ya nyumba. Anachohitaji ni kipimo cha choo au cha pumzi, na akikutwa na bakteria, antibayotiki za wiki mbili zilizoandikwa na daktari na kumezwa zote hadi kidonge cha mwisho. Neno "vidonda", kama tunavyolitumia, linatuangusha linapokosea na linatuangusha hata linapokuwa sahihi.

Bawasili ni habari chungu zaidi, kwa kuwa imefungwa ndani ya aibu. Mwanamume wa Gatina atakusimulia mguu uliovunjika, atakusimulia deni, lakini hatakwambia ameona damu chooni. Na wengi wala hawaioni. Fikiria ploti ya kawaida, nyumba kumi na tano, choo kimoja cha shimo, bati lisilo na dirisha, tochi ya simu mdomoni. Nani ataona rangi ya kilichoanguka humo? Daktari anapouliza "umeona damu kwenye choo?", swali lake limetungwa kwa mtu mwenye choo cha kukalia na taa ya umeme, mtu wa ng'ambo ya barabara kule Lavington. Jibu la "hapana" la mtu wetu lina maana kwamba hakukuwa na mwanga.

Mwaka 2019 Kenya ililia kwa mwezi mmoja mzima. Tarehe 1 Julai alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 29 akafariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, kaunti ileile ya Tenwek. Kati yao, tarehe 26, alikwenda Ken Okoth, mtoto wa Kibera aliyekuwa mbunge wa kwanza wa eneobunge la Kibra tangu 2013. Alikuwa na miaka 41. Yeye alifanya jambo ambalo viongozi wetu hawajalizoea: miezi michache kabla ya kufariki, akiwa kwenye matibabu Ufaransa, alitangaza waziwazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana na kwamba imefika hatua ya nne. Nakumbuka siku hiyo kwenye kinyozi watu wakiulizana utumbo mpana ni upi. Kwa wiki kadhaa neno hilo lilitamkwa barabarani bila aibu. Halafu tukalirudisha kabatini.

Na ajabu ni kwamba miaka sitini hivi iliyopita madaktari walikuwa wakisema ugonjwa huo haupo kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kutoka miaka ya 1940 hadi ya 1960, ndiye aliyeueleza ulimwengu kwamba Waafrika wa vijijini hawaugui saratani ya utumbo mpana kama Wazungu, na akasema sababu ni chakula: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga, vitu vyenye makapi yanayoharakisha choo. Makala yake ya mwaka 1971 bado inatajwa. Alichokiona Burkitt kilikuwa sahani ya githeri, mahindi na maharage. Tunachokula stendi ya 46 leo ni chipsi za mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi, chapati ya unga mweupe, na smokie iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari. Smokie ni nyama iliyosindikwa, na nyama iliyosindikwa iliwekwa mwaka 2015 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Anayekula gramu 50 kila siku anaongeza hatari yake ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Simwandami kijana wa toroli. Smokie moja moja haimwangushi mtu, na yeye anasomesha wadogo zake kwa toroli hilo. Ninachosema ni kwamba mama anayeuza githeri hatua tatu kutoka hapo anauza kinga, kwa bei ileile, na foleni yake ni fupi.

Mahindi ya githeri nayo yawe makavu. Sumu ya kuvu, aflatoksini, iliua watu 125 mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na kwa anayeila kidogo kidogo miaka mingi huharibu ini, zaidi akiwa tayari ana homa ya ini aina ya B. Watoto wetu wanachanjwa dhidi ya homa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliozaliwa kabla hatukuchanjwa.

Tuje kwenye kinachowezekana. Saratani ya utumbo mpana ina huruma moja ambayo ile ya umio haina: haina haraka. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kinachoweza kukaa miaka kumi hivi kabla ya kugeuka. Kikionekana kwa kamera kinakatwa palepale, na saratani ambayo ingekuja haiji. Kinyama hicho hutoa damu kidogo ambayo jicho halioni, na kuna kipimo cha kuinasa. Mtu anapewa kichupa chenye kijiti, anachokoa choo chake kidogo akiwa kwake, anakirudisha. Hakuna sindano, hakuna kuvua nguo mbele ya mtu. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2018 unakitaja kipimo hicho. Marekani, jopo linaloishauri nchi lilishusha umri wa kuanza kuchunguzwa kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa kuwa wagonjwa wanazidi kuwa vijana. Na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua anatakiwa kuanza mapema zaidi.

Kipimo kinachofaa kuliko vyote kwa watu wa choo cha giza kipo, basi, na hakijatufikia. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake. Wa kwetu ni mama anayejua kila mlango wa Gatina, nani amejifungua, nani ameacha dawa zake. Mkobani ana mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani. Kipimo cha choo hakimo. Nadai kiingizwe. Kianze na wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, kianze na mtaa mmoja, lakini kianze.

Rafiki yangu mmoja daktari alinipinga kwa nguvu. Alisema mashine za kamera ni chache, wanaojua kuzitumia ni wachache zaidi, na ukiwapima watu elfu moja utapata makumi wenye damu ambao huna pa kuwapeleka. Utakuwa umewapa hofu bila tiba. Nililala na hoja yake siku kadhaa kwa sababu ni nzito. Jibu langu ni kwamba watu hao makumi wapo tayari. Wanatokwa na damu leo, kwenye shimo, bila kuhesabiwa, na kamera haitanunuliwa kwa ajili ya foleni isiyoonekana. Lakini amenisahihisha kwenye jambo moja nami nimekubali: kipimo kisije Gatina peke yake kama kambi za matibabu zinavyokuja, hema Jumamosi, fulana za bure, Jumapili majani matupu. Kije na barua ya rufaa, tarehe iliyoandikwa, na mtu wa kupiga simu mgonjwa asipofika.

Kuhusu umio nisiahidi yasiyopo. Tenwek waliwachunguza watu 305 wa Bomet ambao hawakuwa na dalili yoyote, wakipaka umio dawa ya madini joto inayoonyesha sehemu zilizoanza kubadilika, wakakuta mabadiliko hayo kwa asilimia 14.4 yao. Ni kazi kubwa na imefungua macho ya wengi, ila ilihitaji kamera kwa kila mmoja wao. Hatutampitishia kamera kila mtu wa Kawangware. Kwa umio, kazi yetu ni glasi ya pili ya kupozea chai, ni pombe na sigara, na ni swali linaloulizwa mapema.

Pesa nazo zisemwe. Bima mpya ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara alitakiwa kuchangia kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa anayelipwa kila jioni na kula kila jioni, pesa hizo hukusanywa pale tu ugonjwa umeshabisha hodi. Anayetaka watu wachunguzwe wakiwa wazima hana budi kuwalipia uchunguzi huo, wawe na kadi hai au wasiwe nayo.

Wakati tunasubiri hayo, nimerudi kwenye kemisti nilikoanzia. Mwezi uliopita niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ngumu maswali matatu: Chakula kinakwama? Umeona damu, au choo cheusi kama lami? Umekonda bila kutaka? Chini yake nikaongeza kwamba anayejibu ndiyo, hata kwa moja, na anayenunua dawa ya vidonda kwa zaidi ya wiki mbili, aende hospitali akaombe kuchunguzwa kwa kamera. Dada anayeuza aliisoma mara mbili, akaibandika pembeni ya dirisha, chini ya bei ya kondomu.

Jumamosi iliyopita nilipita kumuuliza. Wawili wamejibu ndiyo tangu karatasi ibandikwe. Mmoja, mama wa makamo anayefua nguo Lavington, amepewa tarehe. Wa pili ni kijana wa mjengo. Alisema ataenda mwisho wa mwezi akilipwa, akaomba auziwe ile ya maji wakati anasubiri. Dada alimuuzia. Namba yake ya simu ameiandika nyuma ya daftari la madeni, na wiki hii atampigia.